Kikombe cha Kakao Bila Sukari: Soma Kopo Kabla Hujakoroga



Miezi ya Juni na Julai ni ya baridi kali kwetu huku kwenye miteremko ya Mlima Meru. Asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni. Mtu akitoka kukamua ng'ombe, au akirudi sokoni Tengeru jioni, kitu cha kwanza anachotafuta ni kikombe cha kitu cha moto. Wengine hunywa chai ya rangi. Wengine hunywa chai ya maziwa. Na siku hizi nyumba nyingi zina kopo la chokoleti ya kunywa kabatini, kwa ajili ya wageni, watoto na wazee.

Leo tutajifunza kutengeneza kinywaji cha kakao nyumbani, bila kutia sukari, na chenye mafuta kidogo. Kazi yenyewe si ngumu. Haizidi dakika kumi na tano. Lakini kabla ya kushika sufuria, hebu kwanza tuwasimulie habari ya kopo moja.

KOPO LA MAMA MMOJA

Katika darasa letu moja la kisomo, upande wa Meru, yupo mama mmoja wa makamo. Mama huyu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari. Mganga alimwambia apunguze sukari. Mama akatii. Chai akanywa kavu. Soda akaacha. Hata kwenye uji hakutia kitu. Lakini kila alipokwenda kupimwa, kipimo kilikuwa juu.

Nyumbani maneno yakaanza. Mume wake akasema, "Wewe unakula sukari kwa kificho." Mama akalia. Siku moja alibaki darasani baada ya somo. Tukamwamkia tena na kumwuliza kulikoni.

"Mwalimu," akasema, "mimi sukari nimeacha kabisa. Sasa wananiita mwongo."

"Pole sana mama. Jioni huwa unakunywa nini?"

"Jioni nakunywa chokoleti yangu tu, vikombe viwili. Na siweki sukari, maana yenyewe ni tamu."

Baba mmoja mzee, ambaye naye alikuwa hajaondoka, akauliza, "Sasa mama, huo utamu unatoka wapi?"

Swali hilo ndilo lililotupa somo. Tulimwomba mama alete kopo lake kesho yake. Akalileta. Tukaliweka mezani, na darasa zima tukalisoma pamoja, neno kwa neno. Kumbe katika orodha ya vitu vilivyomo, neno la kwanza kabisa lilikuwa sukari. Kakao ilifuata nyuma yake. Na chini kidogo kulikuwa na hesabu: katika kila gramu 100 za unga ule, zaidi ya gramu 70 zilikuwa sukari.

Mama hakuwa mwongo. Alikuwa hajasoma kopo. Na wangapi kati yetu tumesoma makopo yetu?

JINSI YA KUSOMA KOPO

Ndugu msomaji, kisomo si cha kusoma barua na gazeti peke yake. Kopo nalo ni ukurasa. Shika mambo haya matatu.

Jambo la kwanza: vitu vilivyomo huandikwa kwa kufuata uzito. Kile kilicho kingi kuliko vyote huandikwa mwanzo. Kile kilicho kidogo huandikwa mwisho. Kwa hiyo sukari ikiwa ya kwanza, ujue umenunua sukari iliyochanganywa na kakao.

Jambo la pili: makopo mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Usiogope. Yapo maneno machache tu ya kukariri. Sukari huandikwa SUGAR. Kakao huandikwa COCOA. Maziwa huandikwa MILK. Sukari ina majina mengine pia, kama vile GLUCOSE na SYRUP. Yaandike maneno haya kwenye daftari lako, uende nalo dukani.

Jambo la tatu: tafuta kopo au pakiti ambayo ndani yake kuna kitu kimoja tu, yaani kakao. Huo ndio unga wa kakao halisi. Rangi yake ni kahawia iliyoiva. Ukilamba kidogo, ni mchungu. Uchungu huo usikutishe. Ndiyo dalili kwamba hukuuziwa sukari. Unga huu unapatikana katika maduka makubwa ya Arusha mjini, hasa yale yanayouza vifaa vya kuoka keki.

Sasa tupige hesabu ya kopo la mama. Kwa kila kikombe alitia vijiko 2 vikubwa vya unga, kama gramu 20 hivi. Katika gramu 20 hizo, gramu 14 ni sukari. Kijiko kimoja cha chai kisicho na mlima kinabeba kama gramu 4 za sukari. Kwa hiyo katika kila kikombe alikunywa vijiko vitatu na nusu vya sukari. Vikombe viwili ni vijiko saba. Kila jioni! Na hapo alijua ameacha sukari.

SUKARI INAFANYA NINI MWILINI

Sukari ni chakula cha nguvu. Mwili unaihitaji nguvu, hatukatai. Ugali, ndizi, viazi na wali pia hugeuka sukari tumboni na kuingia katika damu. Karibu na tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kongosho hutoa maji maalumu yaitwayo insulini. Kazi ya insulini ni kama ufunguo. Hufungua milango ya mwili ili sukari iliyo katika damu iingie na kufanya kazi.

Kwa mwenye kisukari, ama ufunguo haupo, ama upo lakini milango ni mizito kufunguka. Basi sukari hubaki katika damu. Ikikaa humo siku nyingi huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya miguu. Ndiyo maana wapo wagonjwa waliopata upofu, na wengine waliokatwa miguu kwa sababu ya kidonda kidogo kisichopona.

Dalili za kisukari ni hizi: kukojoa mara kwa mara, kiu isiyokwisha, kuchoka sana, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, ganzi miguuni, na vidonda visivyopona. Lakini watu wengi huwa nao bila dalili yoyote. Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, kama watu 9 walikuwa na kisukari. Huo si ugonjwa wa matajiri wa mjini tu. Hata kijijini upo. Dawa ya kwanza ni kwenda kupimwa.

Je, mtu mzima atumie sukari kiasi gani? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri. Kwa mtu mzima wa kawaida, sukari ya kutia isizidi gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12 vya chai. Na ni bora zaidi isipite gramu 25, yaani vijiko 6. Humo imehesabiwa sukari ya chai, ya soda, ya biskuti, ya juisi, na asali.

Sasa jipime mwenyewe. Tuseme unakunywa chai mara tatu kwa siku, na kila kikombe vijiko 3. Hivyo ni vijiko 9, sawa na gramu 36. Kwa siku 30 ni gramu 1,080. Yaani mtu mmoja amemaliza kilo nzima na zaidi, kwa chai peke yake! Nyumba ya watu watano wanaokunywa hivyo humaliza kilo tano na zaidi kila mwezi. Mnajua wenyewe bei ya kilo moja dukani. Zidisha mara tano uone fedha ambazo zingenunua madaftari, sabuni au dawa ya mifugo.

KAKAO INATOKA WAPI

Wanakisomo wengi walituuliza, "Kakao ni mmea gani? Mbona Meru hatuuoni?" Ni swali zuri.

Mkakao ni mti unaopenda joto na mvua nyingi. Baridi ya kwetu haiuwezi. Hapa Meru tunalima kahawa na migomba, lakini kakao ya Tanzania inatoka hasa Kyela, mkoani Mbeya, katika nchi ya chini iliyo kando ya Ziwa Nyasa. Huko migomba na mikakao huota pamoja. Kakao inalimwa pia Rungwe, na katika mkoa wa Morogoro.

Tunda la mkakao huota kwenye shina lenyewe na kwenye matawi manene. Ndani yake kuna mbegu nyingi zilizofunikwa na utando mweupe, mtamu. Mkulima hupasua tunda, hutoa mbegu, na kuzirundika katika masanduku au kuzifunika kwa majani ya mgomba. Hukaa humo siku tano hadi saba hivi, zikichachuka na kupata joto. Kisha huanikwa juani mpaka zikauke. Bila kuchachushwa vizuri, harufu nzuri ya kakao haipatikani. Baadaye mbegu hukaangwa, huondolewa maganda, na kusagwa.

Mbegu ya kakao ina mafuta mengi. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mwaka 1828, huko Uholanzi, familia ya Van Houten ilipata hati ya kutumia njia ya kukamua mafuta hayo kwa mashine. Makapi yanayobaki yakisagwa ndiyo huwa unga wa kakao. Unga huo bado una mafuta, lakini ni machache: kati ya gramu 10 na 24 hivi katika kila gramu 100. Kwa kuwa katika kikombe tunatia vijiko viwili vidogo tu, mafuta hayo si kitu cha kutisha.

Jambo lingine la kushangaza ni hili. Zamani wenyeji wa Mexico na nchi jirani zake walikunywa kakao. Wao hawakutia sukari. Sukari ya miwa hawakuwa nayo. Walikunywa kakao chungu, na mara nyingine walitia pilipili. Wazungu walipoipeleka kwao ndipo ikaanza kutiwa sukari nyingi. Kwa hiyo anayekunywa kakao bila sukari hajaharibu kitu. Anarudia desturi ya wenyewe.

MAFUTA YA MAZIWA

Tumesema kinywaji chetu ni chenye nguvu kidogo. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Kama vile mahindi hupimwa kwa kilo na maziwa kwa lita, ndivyo nguvu ya chakula inavyopimwa kwa kalori. Gramu moja ya sukari ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ukila kalori nyingi kuliko zile unazotumia kwa kazi, mwili hauzitupi. Huziweka akiba, na akiba yake ni unene.

Basi ukiondoa sukari ukaacha mafuta yote, umefanya nusu ya kazi. Kikombe kikubwa cha maziwa yasiyoenguliwa, mililita 250, kina kama kalori 155. Karibu nusu ya hizo zinatoka katika mafuta.

Kuengua maziwa hakuhitaji mashine. Sisi wafugaji wa Meru tunajua. Chemsha maziwa jioni. Yaache yapoe katika chombo chenye mdomo mpana, yamefunikwa vizuri. Yaweke mahali pa baridi usiku kucha. Asubuhi utakuta utando mzito wa mafuta juu. Uondoe polepole kwa kijiko. Utando huo usiutupe. Utie kwenye mtori wa watoto, au ukusanye utengeneze samli. Mkono hauwezi kuondoa mafuta yote kama mashine, lakini utaondoa sehemu kubwa.

MAHITAJI YA VIKOMBE VIWILI

1. Maziwa yaliyoenguliwa, kikombe 1.
2. Maji safi, kikombe 1.
3. Unga wa kakao halisi, vijiko 4 vya chai visivyo na mlima.
4. Mdalasini, kipande kimoja cha urefu wa kidole gumba, au unga wake robo kijiko cha chai.
5. Iliki, punje 2 zilizotwangwa.
6. Chumvi, chembe chache tu, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili.

Ukipenda tangawizi, tia kipande kidogo kilichopondwa.

HATUA ZA KUTENGENEZA

Hatua ya kwanza. Tia maji katika sufuria pamoja na mdalasini, iliki na tangawizi. Yaache yachemke dakika tano. Harufu ya viungo itatoka. Hapa ndipo siri ilipo. Mdalasini na iliki hazina sukari, lakini huufanya ulimi udhani kuna utamu.

Hatua ya pili. Wakati maji yanachemka, tia unga wa kakao katika bakuli. Ongeza maji ya moto vijiko vitatu au vinne vikubwa. Koroga mpaka upate uji mzito, laini, usio na madonge. Wengi hukosea hapa. Humwaga unga mkavu moja kwa moja katika maziwa, nao huelea juu kama vumbi. Kakao ina mafuta, kwa hiyo haipendi kuchanganyika upesi na maji.

Hatua ya tatu. Mimina uji huo wa kakao katika sufuria ya maji yanayochemka. Koroga. Acha uchemke dakika mbili. Ladha ya ubichi itaondoka na kinywaji kitakuwa kizito kidogo.

Hatua ya nne. Tia maziwa na zile chembe za chumvi. Chumvi kidogo hupunguza uchungu wa kakao. Usizidishe, maana chumvi nyingi nayo inapandisha shinikizo la damu. Punguza moto. Endelea kukoroga mpaka maziwa yaanze kupanda, kisha epua.

Hatua ya tano. Chukua kipekecho, kile cha kupekechea mboga, kilichooshwa vizuri. Pekecha kati ya viganja vyako mpaka povu litokee. Povu hufanya kinywaji kiwe laini mdomoni. Chuja kwa chujio, mimina katika vikombe, na unywe kingali moto.

Kikombe kimoja cha namna hii kina kama kalori 60 hadi 70. Kikombe cha zamani cha yule mama, chenye maziwa matupu yasiyoenguliwa na unga wenye sukari, kilikuwa na kama kalori 230. Tofauti mnaiona wenyewe.

"MWALIMU, HIKI NI KICHUNGU!"

Siku tuliyopika darasani, baba mmoja alionja akakunja uso. "Mwalimu, hiki ni kichungu! Hebu niwekee asali kidogo. Asali si sukari."

Ndugu zetu, tusidanganyane. Asali ni sukari. Ni sukari ya nyuki, na ina sifa zake njema, lakini ikiingia katika damu hufanya kazi ileile. Sukari guru nayo ni sukari. Mwenye kisukari asihame kutoka kwa ndugu mmoja kwenda kwa ndugu mwingine akadhani amehama ukoo.

Wengine walituuliza juu ya vidonge vya utamu vinavyouzwa katika maduka ya dawa. Vidonge hivyo havipandishi sukari ya damu kama sukari yenyewe. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wasivitegemee kwa ajili ya kupunguza unene. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hao wamwulize mganga wao.

Njia tunayoiona bora ni kuuzoeza ulimi. Kama ulizoea vijiko vitatu, wiki hii tia viwili. Wiki ijayo tia kimoja. Kisha nusu. Baada ya wiki chache, utaonja ile chai ya zamani uone ni tamu mno. Asiye na kisukari anaweza pia kuponda nusu ya ndizi mbivu na kuipekecha ndani ya kakao. Ndizi ina sukari yake, lakini ina nyuzinyuzi na madini pia. Mwenye kisukari akiitia, aihesabu kuwa ni sehemu ya chakula chake.

MAONYO YA KUZINGATIA

La kwanza. "Bila sukari" maana yake ni kwamba hatukuongeza sukari. Maziwa yana sukari yake ya asili. Nusu kikombe cha maziwa kina kama gramu 6, nayo haiondoki kwa kuengua. Kwa hiyo mwenye kisukari asinywe vikombe vitano eti kwa sababu gazeti limesema hakina sukari. Kimoja kwa siku kinatosha.

La pili, na hili ni kubwa. Mtu anayechoma sindano ya insulini au kumeza dawa za kisukari anaweza kushukiwa na sukari ya damu ghafla. Atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa au kuongea ovyo. Wakati huo usimpe kakao hii. Mpe sukari halisi upesi: vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji, au soda yenye sukari. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, mpe tena, kisha apelekwe hospitali. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mkimbizeni hospitali. Kwa hiyo nyumba ya mgonjwa wa kisukari isikose sukari kabisa. Iwepo pale, kama dawa.

La tatu. Kinywaji hiki si cha watoto wachanga. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Mtoto wa chini ya miaka miwili asienguliwe maziwa, kwani mafuta yanamsaidia kukua na kujenga akili. Vilevile mtu aliyekonda, mgonjwa anayepata nafuu, au mama mjamzito asiyekula vizuri, hawa wanahitaji nguvu zaidi, si kupunguziwa. Kipimo cha mtu mmoja si kipimo cha wote.

La nne. Kakao ina kitu cha kuchangamsha kidogo, kama chai na kahawa. Anayekosa usingizi asinywe usiku sana.

La tano linatuhusu hasa sisi wa Meru. Maji ya baadhi ya mito na chemchemi zetu yana madini mengi ya floraidi. Ndiyo maana wenyeji wengi wana meno ya kahawia, na wengine mifupa yao hupinda. Watu hudhani kuchemsha maji kunaondoa floraidi. Haiondoki. Maji yakipungua kwa kuchemka, floraidi hubaki ileile katika maji machache. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika kila lita. Kwenye kituo cha Ngurdoto wataalamu wamefundisha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kama kijiji chenu kina maji ya namna hiyo, tumieni maji yaliyochujwa kwa njia hiyo, au maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa. Hasa kwa watoto wa chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya fizi.

JE, MAMA YULE ALIPONA?

Mtauliza habari za yule mama. Aliliacha kopo lake la zamani. Sasa anakunywa kikombe kimoja cha kakao chungu jioni, na mume wake anakunywa naye. Alipokwenda kupimwa tena baada ya miezi michache, kipimo kilikuwa kimeshuka. Lakini tuseme ukweli. Kakao haikumponya. Kisukari chake bado kipo. Anameza dawa zake kila siku, amepunguza ugali, ameongeza mboga, na anatembea kwa miguu kwenda sokoni. Kuacha sukari iliyojificha kulikuwa tofali moja katika ukuta mzima.

Lakini kuna jambo jingine alilolipata. Siku moja alisimama mbele ya darasa akasema, "Mimi nilijifunza kusoma ili nisome Biblia na barua za mwanangu. Sikujua kwamba nitasoma kopo, nalo litanitetea mbele ya mume wangu." Watu wakapiga makofi. Mume wake alikuwapo mlangoni. Akainama, akatabasamu, akasema, "Mama, nisamehe. Sote tulikuwa hatujasoma."

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kulima bustani. Somo liliishia kwenye kazi. Hebu na sisi tufanye hivyo. Usiliweke gazeti hili kabla hujakwenda kabatini kusoma kopo lako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja alete kopo au pakiti moja kutoka nyumbani. Ni kitu gani kimeandikwa cha kwanza katika orodha?
2. Pigeni hesabu: nyumba yako hutumia kilo ngapi za sukari kwa mwezi? Ni shilingi ngapi?
3. Kwa nini hatuengui maziwa ya mtoto wa mwaka mmoja?
4. Jirani yako mwenye kisukari anatetemeka na kutoka jasho. Utafanya nini kwanza?
5. Maji ya kijiji chenu yanatoka wapi? Je, yamewahi kupimwa floraidi?

MAANA YA MANENO

Kalori: kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula.
Kongosho: kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, kinachotoa insulini.
Insulini: maji ya mwilini yanayosaidia sukari itoke katika damu na kuingia sehemu nyingine za mwili.
Kuengua: kuondoa mafuta yaliyoelea juu ya maziwa.
Floraidi: madini yanayopatikana katika maji, yakizidi huharibu meno na mifupa.